Laini Moja, Mifereji Minne

Ukitoka Meru mjini kwa barabara ya Maua, utafika Nchiru kabla hujachoka kukaa garini. Ni mahali padogo penye vitu viwili vikubwa. Kuna makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru, ambako mashauri hukatwa kwa maneno mpaka maneno yaishe. Na kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopata hati yake kamili mwaka 2013, ambako vijana huingia kila asubuhi na mabegi ya laptopu mgongoni. Palipo na chuo hapakosi saiba, fundi wa simu na vyumba vya kupanga. Na palipo na saiba na fundi, ipo sheria moja ya nchi inayovunjwa mchana kweupe bila mtu kuinua sauti: ile ya hakimiliki ya programu za kompyuta.

Mjadala huu nimeuweka uani mwa nyumba moja, chini ya mti wa makadamia. Wanaozungumza ni sauti tu, si watu wa kutajwa majina. Nimeziunda kutokana na hoja zinazojirudia kila penye fundi, mteja na bisibisi. Nyumba hii ina kompyuta nne. Moja ni ya mama mwenye nyumba, ambaye ana saiba sokoni. Ya pili ni ya mwanawe aliye chuoni. Ya tatu ni mashine ya mezani ya binti aliye kidato cha tatu. Ya nne ni kuukuu, ya babu. Fundi ameitwa azifomati zote kwa shilingi 500 kila moja, "Windows na Office ndani, kila kitu". Mwalimu wa kompyuta wa shule jirani alikuwa amekuja kuazima wilbaro tu. Akauliza neno moja lililochelewesha kazi mpaka jioni: leseni ziko wapi?

FUNDI: Mwalimu, usinichekeshe. Nimefomati mashine tangu nilipomaliza kidato cha nne, na sijapata mteja wa kuniuliza hilo. Mteja huniuliza mambo matatu: utachukua muda gani, ni pesa ngapi, na picha zangu hazitapotea? Programu ninazo kwenye flashi. Nikimwekea huyu, hazimpungukii yule. Nimemwibia nani?

MWALIMU: Hizo za kwenye flashi ulizitoa wapi?

FUNDI: Nilipewa na fundi aliyenifunza kazi. Naye alipewa. Ni kama mbegu ya maharagwe.

MWALIMU: Mbegu ina shamba ilikotoka. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika 2003, inaiweka programu ya kompyuta fungu moja na kitabu. Katiba yetu, Ibara ya 40, inaipa Serikali wajibu wa kulinda mali ya akili ya Wakenya. Hiyo mnayoiita kraki, programu iliyovunjwa kufuli, ni sawa na kupiga chapa kitabu cha mtu ukakiuze langoni mwa shule.

FUNDI: Na vitabu unavyofundishia, Mwalimu, vyote umenunua? Hakuna hata kimoja kilichopitia kwenye mashine ya fotokopi?

MWALIMU: Tuendelee.

BABU: Ngojeni kidogo. Mimi kompyuta sikuisomea, lakini mradi wa maji naujua. Mtaro wake niliuchimba kwa mikono hii. Nilipolipia laini, bomba lililetwa mpaka langoni. Humu ndani nina mifereji minne: jikoni, bafuni, kwa ng'ombe, na ule wa bustani. Kamati haijawahi kuingia kuihesabu. Walikataza jambo moja tu, nisivushe bomba juu ya ua kwenda kwa jirani. Sasa nielezeni. Hii leseni mnayogombania ni laini, au ni mfereji?

MWANAFUNZI: Babu, hapo ndipo penyewe. Windows ni mfereji. Inahesabiwa kwa mashine: mashine moja, leseni moja. Ile inayotoka kiwandani na kompyuta imefungwa kwa kompyuta hiyo, na mashine ikifa huzikwa nayo. Ile inayouzwa peke yake unaweza kuihamisha, mradi uitoe kwanza ilikokuwa. Office nayo ina namna mbili. Kuna ya mfereji, ya mashine moja. Na kuna Microsoft 365 Family, ambayo ni laini hasa: inalipiwa kwa mwaka, inachukua mpaka watu sita wa nyumba moja, na kila mtu anaweza kuitumia kwenye vifaa vitano kwa wakati mmoja.

BABU: Kumbe wakitaka, wanajua nyumba ni nini.

MWALIMU: Zamani walijua hata kwa Windows, Mzee. Windows 7 ilipotoka mwaka 2009, katika baadhi ya nchi waliuza kifurushi cha familia, mashine tatu kwa dola 149.99. Hakikudumu sokoni. Office ya nyumbani na ya wanafunzi, toleo la 2007 na la 2010, iliruhusu mashine tatu za nyumba moja. Toleo la 2013 likarudi kwenye mashine moja, na anayetaka zaidi akaelekezwa kwenye malipo ya kila mwaka.

FUNDI: Umesikia, Mzee? Leo laini, kesho mfereji, kama wanavyotaka wao. Halafu mwizi ni mimi.

MAMA: Hebu nyamazeni nipige hesabu, maana mwisho wa maneno haya mfuko utakaofunguliwa ni wangu. Tuchukue bei ya Marekani iwe kipimo. Windows 11 Home ni dola 139. Dola moja tuiweke shilingi 129. Hiyo ni kama 17,900. Mara mashine nne, ni 71,700 na chenji. Laptopu yangu hii ya eks-UK niliinunua Makutano kwa elfu ishirini na mbili. Ina maana kufuli limekaribia bei ya mlango. Nikinunua zote nne, nimeuza ng'ombe.

FUNDI: Hapo sasa! Mwenyewe nilisoma kwamba BSA, wale wanaofuatilia wizi wa programu duniani, walikadiria kuwa mwaka 2017 programu 74 katika kila 100 zilizowekwa kwenye kompyuta za Kenya hazikuwa na leseni. Karibu robo tatu ya nchi! Mkiona kijiji kizima kinaruka ua, msitafute wezi. Tazameni lango limewekwa wapi.

MWALIMU: BSA ni muungano wa kampuni zenyewe za programu, na mwenye duka akijihesabia hasara hapunguzi. Lakini hata ukikata nusu, bado ni wengi. Wala ugomvi huu haukuzaliwa Nchiru. Februari 1976, Bill Gates akiwa kijana wa miaka ishirini, aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta wa Marekani akilalamika kwamba wengi wao wanatumia programu yake ya BASIC bila kuinunua.

FUNDI: Kumbe hata wao walianza hivi hivi!

MWANAFUNZI: Walianza hivyo, ila ugomvi ule ulizaa majibu mawili. La kwanza ni kufuli na namba ya siri. La pili alilitangaza Richard Stallman mwaka 1983: programu ambazo ruhusa ya kunakili imo ndani ya leseni yenyewe. Watu wengi hudhani cha halali ni cha kulipia, na cha bure lazima ni cha wizi. Linux, inayoshika nafasi ya Windows, ina leseni. LibreOffice, inayoshika nafasi ya Office, ina leseni. Leseni hizo zinasema: weka kwenye mashine nne, weka kwenye arobaini, mgawie jirani. Babu, hiyo si laini wala si mfereji.

BABU: Huo ni mto.

MWANAFUNZI: Ni mto. Na una sharti lake, hasa chini ya leseni ile iitwayo GPL: ukiuchepusha na kuwagawia watu, usiwafungie walio chini yako. Mmoja wa mito hiyo, uliotoka mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, unaitwa Ubuntu.

BABU: Ubuntu? Sisi mtu tunamwita muntu.

MWANAFUNZI: Ni neno hilo hilo, Babu. Utu.

MWALIMU: Na mwaka huo huo wa 2004, mwezi wa Desemba, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, bure. Mtu angeweza kuandika barua, kupiga hesabu na kuhifadhi kazi yake bila kukutana na neno la kigeni.

MAMA: Vizuri. Sasa nami niulize swali la mtu wa saiba. Kama mto umepita hapa zaidi ya miaka ishirini, mbona kila anayeingia kwangu anaomba maji ya bomba? Hakuna aliyewahi kuniambia, "Mama, nifungulie LibreOffice." Mwanafunzi anakuja na utafiti wake umejaa maoni ya msimamizi kando ya ukurasa, kwa Word. Nikiufungua kwa programu nyingine, jedwali linahama, namba za kurasa zinaruka, naye ana saa moja ya kuuwasilisha. Fomu ya mapato ya KRA inakuja kwa Excel yenye makro. Binti yangu mwakani ana mradi wa Computer Studies wa KCSE, na shuleni kwao hifadhidata inafundishwa kwa Access. Mto ni mzuri, lakini mtungi wangu umetengenezwa kwa mdomo wa bomba.

MWALIMU: Hapo, Mama, lawama nabeba mimi na wenzangu. Darasani tunasema tunafundisha kuandika kwa kompyuta, kumbe tunafundisha programu moja ya kampuni moja. Mtoto anatoka akijua kitufe kilipo, hajui kitufe kinafanya nini. Akibadilishiwa programu anaona amebadilishiwa dunia.

FUNDI: Ndiyo maana mimi ninawapa wanachokijua, kwa 500. Nimewakosea nini?

MAMA: Nikwambie ulichonikosea. Si wewe, fundi mwingine, zamani. Aliniwekea mashine za saiba kama unavyotaka kuniwekea hizi. Mwezi haukuisha. Flashi za wanafunzi zikawa zikiingia na mafaili zinatoka na njia za mkato tupu. Msichana mmoja alilia mbele yangu, kazi yake ya muhula mzima imejificha mahali asipopaona. Tangu siku hiyo nimeelewa kwamba mtu akikuvunjia kufuli bure, anajua pia namna ya kuingia usiku.

MWANAFUNZI: Na hilo halikuwa la kwako peke yako. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ya Marekani ilieleza jinsi KMSPico, chombo kile kile kinachotumiwa kuipa Windows uhai wa uongo, kilivyosambazwa kikiwa kimefungashwa na Cryptbot, programu inayochota nywila zilizohifadhiwa na pochi za sarafu za kidijitali. Chombo chenyewe hukwambia kwanza uzime antivairasi. Nani mwingine huja nyumbani akakuomba umfunge mbwa kabla hajaingia?

FUNDI: Mimi huzima masasisho pia. Yanakula bando.

MWALIMU: Basi umemfunga mbwa na ukaacha dirisha wazi. Mama, wewe ndiye nakuonea huruma zaidi. Kwenye mashine zako watu huingiza nambari za vitambulisho, nywila za eCitizen, za HELB, PIN za KRA. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, habari hizo ziko chini ya dhamana yako zinapopita mikononi mwako. Kraki si jambo kati yako na tajiri wa Marekani tu. Anayeumia kwanza ni yule mtoto wa jirani aliyekuamini na mkopo wake wa masomo.

FUNDI: Sawa, hilo limenigusa. Lakini hamjaondoa bei. Kumtisha maskini na chatu si kumpa daraja.

MAMA: Kuna daraja nimeliona mtandaoni. Namba za Windows zinauzwa elfu moja, hata chini ya hapo. Nalipa kwa M-Pesa, natumiwa namba, mashine inakubali. Si halali hiyo?

MWALIMU: Mashine kukubali si leseni kukubali. Nyingi ya namba hizo zilitolewa kwa kampuni au shule kwa mashine zake, kisha zikamegwa na kuuzwa mojamoja. Ni kama hati ya ploti moja kuuziwa watu ishirini. Kila mmoja ana karatasi mkononi, hakuna mwenye ardhi. Ulaya mahakama yao kuu iliamua mwaka 2012, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, kwamba mnunuzi wa leseni anaweza kumuuzia mwingine, lakini lazima yeye mwenyewe aache kuitumia, na asiikatekate. Tena hukumu hiyo haizifungi mahakama za Kenya.

MAMA: Basi la pili. Sisi kwenye chama tuko wanawake sita. Hiyo Family, kwa bei ya Marekani, ni dola 129.99 kwa mwaka. Nimeshahesabu: kama 16,770. Tukigawana sita, kila mmoja 2,795 kwa mwaka, shilingi 233 kwa mwezi. Pesa hiyo ni ya bando la siku chache! Tuchange, tununue moja.

MWANAFUNZI: Mama, masharti yanasema watu wa nyumba moja.

MAMA: Chama si nyumba?

BABU: Binti yangu, hapo unavusha bomba juu ya ua. Hata mimi nisingekubaliwa na kamati.

MAMA: Na huyu, Baba, anayelala hosteli siku tano? Naye ni wa nyumba hii au ni jirani?

BABU: Anayelala kwingine akarudi kula kwangu ni wangu.

MWALIMU: Masharti yale hayakuandikwa Meru, Mzee, lakini hapo sikupingi.

Fundi, aliyekuwa amenyamaza, akaivuta laptopu ya Mama na kuigeuza chini juu. Alitafuta kibandiko cha leseni asikione. Ndipo Mwanafunzi akamwomba aiwashe. Kompyuta zilizotoka kiwandani na Windows 8 au iliyofuata, alisema, namba ya leseni huandikwa ndani kabisa, kwenye chipu ya bodi kuu, wala si kwa karatasi. Ukiweka toleo lile lile lililokuja nayo, mashine hujitambua yenyewe mara inapopata intaneti. Aliandika amri moja, na namba ikajitokeza. Laptopu ile, iliyotumika ofisini Uingereza kabla ya kuvuka bahari, ilikuwa na Windows 10 Pro halali tangu siku iliyozaliwa.

FUNDI: Subiri. Mashine za namna hii nimepitisha ngapi mikononi mwangu? Zote nimezifuta na kuziwekea Pro ya kraki.

MWANAFUNZI: Uliweka Pro ya wizi juu ya Pro iliyolipiwa.

FUNDI: Yaani nimekuwa nikiwaibia watu kitu chao wenyewe?

MWALIMU: Umekuwa ukiwaibia bila kupata chochote, Fundi. Wizi wa hasara tupu.

BABU: Sasa mmenifurahisha. Kabla ya kwenda kununua maji, mtu hutazama kama tangi lina kitu. Leteni na hizo nyingine tuzihesabu moja moja. Na msiniambie mashine inataka nini. Niambieni mwenye mashine anafanya kazi gani.

MWANAFUNZI: Ya Mama kwanza. Leseni imo, na prosesa yake ni ya Intel ya kizazi cha nane. Huo ndio mpaka: Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Itapanda kwenda Windows 11 bila malipo. Gharama ni bando la kupakulia, gigabaiti kadhaa.

FUNDI: Hiyo nitaipakulia chuoni, nije nayo kwenye flashi.

MWALIMU: Hata hilo si kosa. Faili la kuwekea Windows linatolewa bure na wenyewe. Wanachouza ni ruhusa.

MWANAFUNZI: Ya pili ni yangu. Niliinunua mpya bila Windows, ndiyo maana ilikuwa rahisi. Humu ni Linux tu. Nasoma takwimu. Wenzangu wamejaza SPSS ya kraki, mimi natumia R. Asiyetaka kuandika amri ana jamovi, au JASP, au hiyo PSPP ambayo hata jina lake ni SPSS ambayo S na P zimebadilishana nafasi. Rafiki yangu wa uhandisi AutoCAD anapewa bure na Autodesk kwa sababu ni mwanafunzi, anahuisha kila mwaka, ila haruhusiwi kuchorea kazi ya pesa. Na vyuo vilivyojisajili na Microsoft, mwanafunzi huingia kwa barua pepe ya chuo akapata Word ya mtandaoni bila kulipa. Kabla hujanunua, uliza barua pepe yako inafungua mlango gani.

MAMA: Ya tatu ni ya binti. Hapo msinidanganye na mito. Anataka Access.

MWANAFUNZI: Mashine ile leseni ya Windows 10 inayo, lakini ni kizazi cha sita. Haipandi. Na Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa anayejisajili waliongeza mwaka mmoja wa masasisho ya usalama, mpaka Oktoba 2026. Baada ya hapo itaendelea kuwaka, ila hakuna atakayeziba nyufa.

MWALIMU: Access imo kwenye Microsoft 365 Family, kwa kompyuta za Windows. Lakini mradi wa KCSE ni wa kidato cha nne. Msilipie leo. Lipieni mwakani, mwaka wa mradi, na mwaka huo huo Mama naye atumie Word na Excel kwa barua na hesabu za nyumbani, na wa chuo amalizie utafiti wake kwa Word ya mtandaoni. Mradi ukiisha, achaneni nayo. Angalizo moja: leseni hiyo ni ya nyumbani. Kazi za wateja wa saiba zisipitie humo. Duka lina leseni zake za biashara, au LibreOffice ambayo haijali kama unafanya biashara.

MAMA: Na mashine yenyewe inayoachwa?

MWANAFUNZI: Iwe ya masomo. Hakuna kuingilia benki humo, hakuna flashi za saiba.

BABU: Mimi nasoma magazeti, naandika hesabu za ukoo, na naangalia bei ya majani.

MWANAFUNZI: Yako, Babu, ni Linux na LibreOffice. Mashine ina miaka kumi na zaidi, na itapata masasisho ambayo ya binti hayapati.

BABU: Yaani mimi niliye mzee kuliko wote ndiye nitakayekuwa na kipya?

MAMA: Kwa hiyo jumla ni nini? Nilianza na 71,700.

MWALIMU: Leseni za Windows za kununua: sufuri. Laini moja ya familia kwa mwaka mmoja, kama 16,770 kwa bei ya Marekani, na hiyo ni mwakani. Leo, bando tu na mkono wa fundi.

FUNDI: Mkono wa fundi! Nilijua mtanifikia. Kazi hii halali ni ndefu. Kraki ni dakika arobaini na nimeenda. Hii ya kutafuta namba ndani ya bodi, kupakua, kumfunza Mzee Linux, hiyo ni siku nzima. Mia tano haitoshi.

MAMA: Ulikuwa ukiuza Windows kwa mia tano.

FUNDI: Mama, mimi Windows sijawahi kuuza. Ningeuzaje kitu nilichopewa kwenye flashi? Siku zote nilichouza ni mikono hii. Ila mteja akiambiwa "ufundi mia tano" ananung'unika. Akiambiwa "Windows mia tano" anacheka, anaona amepata kitu. Basi tukazoea kuificha kazi nyuma ya kitu cha wizi, ndipo ilipwe.

Hapo mjadala ulikuwa umefika mahali ambapo hakuna aliyepanga kufika. Fundi alianza kwa kutetea bei ya maskini, akamalizia kwa kukiri kwamba kraki imekuwa ikipunja bei yake mwenyewe. Mwalimu alianza kwa vifungu vya sheria. Mwishowe alikubali kwamba sheria imebebeshwa nyumba ambazo shule zenyewe zilizifunza bomba moja tu, na kwamba vyuo, kaunti na baraza la mitihani ndio wenye uwezo wa kukaa na wenye mali na kuzungumzia laini badala ya mfereji, au kukubali mradi wa mwanafunzi uwe umefanywa kwa hifadhidata yoyote. Mama hakushawishika kwamba kila mteja wake atakunywa mtoni, na hana sababu ya kushawishika. Jedwali linalohama saa moja kabla ya kuwasilisha si nadharia. Mimi niliyekaa nao naona jambo moja limesimama. Ile 71,700 iliyotufanya tuwaze kuruka ua ilikuwa hesabu ya mashine. Walipohesabu kazi, karibu yote ilikuwa imeshalipwa na mwingine, au imetolewa na mwenyewe kwa hiari.

Lilibaki moja ambalo halikupata jibu, nalo lilitoka kwa Babu.

BABU: Kwenye mradi wa maji, bei ya laini tuliipanga kwa mkutano. Mwenye shamba kubwa na mjane walikaa benchi moja, na bei ikatoka ambayo mjane anaiweza. Bei hizi zenu za dola, mkutano wake ulifanyika wapi?

MWALIMU: Hatukualikwa, Mzee.

BABU: Basi siku moja ulizeni. Kuiba si njia ya kuhudhuria mkutano.

Jua lilikuwa limeshuka. Mwalimu alichukua wilbaro yake ya kuazima. Mama alimwambia Fundi kwamba atampa 1,500 kwa mashine tatu, ya Mwanafunzi haihitaji mtu, na kwamba anataka risiti. Fundi akaomba kalamu. Kwa mazoea aliandika "Windows", kisha akakata kwa mstari, akaanza upya chini yake:

Ufundi, mashine tatu: 1,500.
Leseni: imo ndani.